Wavu wa Maneno

Katika vyuo vikuu vya ulimwengu imezuka elimu iitwayo uchimbaji wa mtandao. Wachunguzi hukusanya kwa kompyuta maelfu ya maneno ambayo watu wameyaandika katika intaneti, huyapanga na kuyahesabu, kisha hutoa hukumu juu ya mambo ambayo watu hao huyapenda, huyachukia au hujifunza. Jina la elimu hiyo limetoka migodini. Sisi tuliokaa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay, twaona kwamba kazi hiyo yafanana zaidi na uvuvi. Mvuvi hampati kila samaki aliyemo ziwani, ila yule ambaye tundu la wavu halikumruhusu kupita. Wavu wa sangara haushiki omena. Na mwenye wavu huo akirudi pwani akasema kwamba ziwa halina omena, watoto watamcheka.

Nia yangu katika insha hii ni kupima kazi chache za elimu hiyo. Sitaki kuzidharau, maana baadhi yake ni nzuri sana. Nataka kuuliza tundu la wavu wake lina ukubwa gani.

Kazi ya kwanza iliitwa Umati. Ilianzishwa Nairobi mwezi wa Septemba 2012 na wachunguzi wa iHub pamoja na Ushahidi, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013. Ilitafuta maneno ya chuki yenye kuweza kuwasha fujo, kwa kuwa nchi ilikuwa haijasahau mauaji yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha yao. La kusifiwa ni kwamba Umati haikuiachia mashine kazi ya kusoma. Waliwekwa watu wenye kuzijua lugha zenyewe, wakasoma kwa macho yao, wakayapanga maneno kwa kadiri ya hatari yake: aliyesema ni nani, ana nguvu gani juu ya wanaomsikiliza, na je, anawaita watende jambo? Tusi la mlevi na amri ya mkubwa si kitu kimoja hata herufi zake zikilingana. Waligundua kwamba sehemu kubwa mno ya maneno mabaya ilikuwa katika Facebook, na kidogo tu katika Twitter, ambao sasa huitwa X. Huko mwenye kusema ovyo alikemewa na wenziwe hadharani mpaka akanyamaza. Uvumbuzi huo una thamani.

Lakini hesabu yenyewe ilizaa fumbo. Mwaka 2013 maneno makali yalijaa mtandaoni, na nchi kwa sehemu kubwa ikapita salama. Mwishoni mwa 2007 wenye kutumia mitandao ya kijamii walikuwa wachache, na damu ikamwagika. Chuki ya wakati ule ilipita katika ujumbe mfupi wa simu, katika baadhi ya redio na katika vinywa vya watu. Lau Umati ingalikuwapo mwaka ule na wavu wake ule ule, ingaliliona ziwa limetulia.

Kazi ya pili, AfriSenti, ilitolewa mwaka 2023. Wachunguzi walikusanya jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na wenye lugha wakaandika juu ya kila ujumbe kama ni wa kusifu, wa kulaumu, au wa katikati. Faida yake ni kuifundisha kompyuta kupambanua moyo wa msemaji. Mwanafunzi msomaji wangu, jaribu kazi hiyo wewe mwenyewe. Umeme umekatika siku ya tatu, na jirani aandika: “Ahsanteni sana kwa giza hili zuri.” Je, amesifu? Ajuaye kwamba taa hazikuwaka ndiye atakayejibu sawa, na habari ya taa haimo katika ujumbe.

Elimu hii huchungulia masomo pia. Mwanafunzi asomaye kwa simu au kompyuta huacha nyayo: saa aliyofungua somo, muda aliokaa, jibu alilokosea. Wachunguzi huzifuata nyayo hizo ili wajue ni nani mwenye bidii na ni nani yu karibu kukata tamaa. Hapa nina ushahidi wangu mwenyewe. Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, na kidato cha pili hakikurudi darasani mpaka Januari 2021. Katika miezi ya mwisho ya 2020 niliwapelekea wanafunzi wangu maswali ya hisabati kwa simu. Mmoja wao, kijana wa kisiwani, alinitatiza. Alijibu siku tano au sita mfululizo, vizuri kabisa, kisha akanyamaza majuma matatu. Akajibu tena, akanyamaza tena. Niliandika katika daftari langu kwamba ni mtoto wa hamu za ghafla. Naona haya kwa neno hilo hata leo.

Shule zilipofunguliwa nilimwuliza. Simu ilikuwa ya baba yake, na baba yake ni mvuvi wa omena. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina mvuto, na wavuvi hukaa nchi kavu. Siku hizo simu ilibaki nyumbani. Basi daftari langu lilikuwa limeandika safari ya mwezi mbinguni, nami nikaisoma kama tabia ya mtoto.

Nitasema kweli: mashine ingalinishinda kwa jambo moja. Ingaliona kwamba vipindi vile hurudi kila baada ya siku 29 hivi, na mimi sikuona. Lakini ingaliona mpango bila kuijua sababu, kwa kuwa taa na mtumbwi havimo katika nyayo za simu. Na wale wasiokuwa na simu kabisa hawakuandikwa hata kwa ubaya. Hukumu za namna hii zikitumiwa kugawa vitabu au msaada wa karo, kosa la daftari moja huwa kosa la kaunti nzima.

Kazi niipendayo kuliko hizo ni Kencorpus, ya wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, cha Nairobi na cha Africa Nazarene. Wao hawakungoja maneno yaje mtandaoni. Waliyafuata mashuleni, katika jamii, kwa watangazaji na kwa wachapaji, wakapata maandishi 4,442 yenye maneno yapatayo milioni 5.6, na sauti za saa 177, katika Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya. Mbele ya Kiingereza hicho ni kibaba tu, lakini ni kibaba cha nafaka iliyovunwa kwa mkono.

Hata hivyo Kisuba hakimo. Lugha hiyo, ambayo wenyewe huiita Olusuba, imekwisha kusikika hewani kutoka redio ya kisiwani, EK FM, lakini neno la hewani haliachi maandishi ya kuvuliwa. Vijana wengi wa Kisuba wamehamia Kijaluo, na katika simu zao huandika Kijaluo, Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo mtandaoni Msuba aandikapo huhesabiwa Mjaluo, na mchunguzi aliyeketi mbali hana njia ya kujua kwamba amemhesabu mtu kwa jina lisilo lake. Anayetaka maneno ya Olusuba hana budi kupanda mashua Mbita, ashuke Sena, aketi na wazee jioni. Naye achague usiku wa mbalamwezi, maana usiku wa giza atawakuta wenye nyumba wako ziwani.