Karatasi Nayo Husomwa: Mapambo ya Vitabu vya Kale na Uhakiki wa Miswada ya Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa Kiswahili na hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa watawala wa Kireno kisiwani Ibo, leo zimehifadhiwa katika Arquivo Histórico de Moçambique jijini Maputo. Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezifungulia wasomaji njia. Hata hivyo, uhakiki wa miswada ya pwani kwa jumla bado huelemea maneno: matini hunukuliwa na kufasiriwa, ilhali karatasi, jalada na nakshi hutajwa kwa sentensi moja, au hazitajwi kabisa.

Huenda ikadaiwa kwamba karatasi ililetwa kutoka ng'ambo, kwa hiyo haisemi lolote juu ya pwani. Hoja hiyo ni dhaifu. Bakuli za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya Waswahili nazo zililetwa kwa jahazi, wala hakuna anayeziondoa katika historia ya usanifu wao. Zulfikar Hirji, katika uchunguzi wake wa misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ameonyesha kwamba waandishi walichora mapambo yao kwa nyekundu, nyeusi na manjano juu ya karatasi ya kigeni. Ugeni wa karatasi haukuufuta mkono wa mwenyeji.

Tofauti ya mapambo yenyewe ina maana. Karatasi ya ebru, iliyosifika Uturuki na Iran, hupatikana kwa kuelekeza rangi zinazoelea juu ya maji mazito, kisha kulaza karatasi juu yake. Hununuliwa ikiwa tayari. Nakshi ya pambizoni huchorwa na mwandishi kwa ajili ya kitabu kimoja. Ya kwanza hushuhudia biashara na uteuzi; ya pili, ufundi na mafunzo. Orodha inayoandika tu "kimepambwa" huzichanganya shahada hizo mbili.

Suala hili si la anasa. Kimbunga Kenneth kiliipiga Ibo mwezi Aprili 2019, na vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimewahamisha watu pamoja na vitabu vya nyumba zao. Matini iliyokwisha kunakiliwa yaweza kunusurika. Jalada lisilopigwa picha likipotea, limepotea. Kwa hiyo, kila nakala ya kidijitali iwe ya rangi, ioneshe jalada, bitana yake na kurasa tupu. Mhakiki atakayekuja baadaye asinyimwe nusu ya kitabu.