Sungura Katika Kisanduku cha Alifu

Watu wengi hudhani kuwa mtoto aliyeimba herufi za Kiarabu kutoka alifu mpaka ye bila ya kukosea amekwisha kuzijua. Mimi nami nilidhani hivyo, hata siku moja, katika madrasa ndogo mjini Ruiru, nilipomwomba mtoto wa miaka sita anionyeshe jimu ukutani. Alianza kuimba kwa sauti ya chini, alifu, be, te, the, huku kidole chake kikifuata herufi moja moja, mpaka akaifikia. Nilipomwonyesha jimu hiyo hiyo katikati ya neno masjidi, alinyamaza. Mtu aliyekaa karibu nami alininong'oneza kwamba mtoto yule ni mzito wa akili. Sikukubali. Mshitakiwa wangu si mtoto, wala si mwalimu wake. Ni karatasi iliyobandikwa ukutani.

Karatasi za namna hii zina visanduku 28, kila herufi na picha yake. Katika kisanduku cha alifu mara nyingi huchorwa sungura, kwa sababu jina lake kwa Kiarabu ni arnabu. Lakini mtoto wa Ruiru akiona picha ile husema sungura, na neno hilo huanza kwa sauti ya sini! Basi picha iliyowekwa kumwongoza humpoteza. Bata angemfaa zaidi kwa be, samaki kwa sini, na kitabu kwa kafu, maana maneno haya Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu pamoja na sauti zake za mwanzo. Hata hapo mchaguzi awe na hadhari: arusi kwa Kiarabu huanza kwa aini, ambayo ulimi wetu umekwisha kuiacha, na habari huanza kwa kha.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Karatasi huonyesha kila herufi ikiwa peke yake, kama mtu aliyesimama kupigwa picha, na hali kitabuni herufi hushikana mikono. Sita tu hazimshiki ajaye baada yao: alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Nyingine 22 huungana pande zote mbili, na nyingi kati yake hukatwa mkia. Be, te, the, nuni na ye zikianza neno hubaki jino moja dogo, na hakuna kinachozitenga ila nukta. Kwa hiyo siudharau wimbo wa kale usemao kuwa alifu haina nukta, be ina moja chini, te mbili juu. Wimbo huo humfundisha mtoto mahali pa kutazama, jambo ambalo sungura hawezi kulifanya.

Tena katika vyuo vya zamani vya pwani mtoto aliandika ubaoni kwa wino, akaosha, akaandika tena. Mkono wake ulijua maungio kabla ya ulimi wake kuyaeleza. Kwa herufi hizo hizo Waswahili waliandika tenzi zao. Nakala moja ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Karatasi ya ukutani haimtaki mtoto aandike cho chote.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Wasemao Kikikuyu hutamka mwanzo wa jina Thika kwa sauti tuliyo nayo katika dhahabu. Basi mtoto wa Thika anayo dhali kinywani tangu kuzaliwa. Liandike jina hilo: dhali husimama peke yake, na ye, kafu na alifu hufuata zimeungana. Jina la Ruiru ni somo bora zaidi. Re na wau zimejitenga, kisha ye inaishika re ya pili, na wau ya mwisho inabaki pweke. Katika herufi tano ungio ni moja tu, na mtoto anaweza kuliona kwa macho yake.

Juma lililofuata niliomba ruhusa, nikaandika Ruiru ubaoni kwa chaki. Mtoto yule aliangalia kwa muda mrefu bila ya kuimba. Kisha aliweka kidole chini ya zile nukta mbili, akaniuliza, "Mwalimu, ye imeuacha wapi mkia wake?"