Na, Au, au Vyote kwa Pamoja

Sheria nyingi za Tanzania zikifika kwenye adhabu huishia kwa maneno yaleyale: mtu akitiwa hatiani atalipa faini, au atatumikia kifungo, au vyote kwa pamoja. Wakili huyapitia bila kusita. Mshtakiwa hutazama kiasi cha faini na idadi ya miaka. Neno "vyote" halishughulishi mtu, ingawa aliyeliandika alilazimika kufikiri. Faini imo katika ngeli ya I-ZI, kifungo kimo katika KI-VI, na sentensi ilidai kiwakilishi kimoja cha kuvibeba viwili hivyo. Mwandishi angeweza kuandika "zote mbili", akilini mwake akiwa na adhabu, na wapo wanaoandika hivyo. Angeweza kuandika "yote mawili", kwa maana ya mambo. Akachukua VI, ngeli ambayo Kiswahili hukimbilia kinapokusanya vitu visivyofanana. Kiingereza mahali hapohapo kina "both", neno lisilouliza ngeli wala kitu kingine.

Uamuzi wa aina hii ni kazi ya kila siku ya wanaozitoa sheria za nchi kwenye Kiingereza na kuziweka katika Kiswahili, na siku hizi sehemu kubwa ya shughuli hiyo imehamia Dodoma pamoja na serikali. Kwa miaka mingi muswada uliletwa bungeni kwa Kiingereza, wabunge wakaujadili kwa Kiswahili, kisha ukatoka ukiwa sheria kwa Kiingereza. Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, Kiingereza kikabakiziwa nafasi pale haki inapokihitaji. Tangu hapo waandishi wa sheria na wafasiri wana mlima wa kurasa mbele yao.

Wanaosifu kazi hiyo husifu istilahi: nani alipata neno zuri la dhana fulani ya mikataba, nani alisanifu jina la kosa la mtandaoni. Sifa hiyo ni halali, ila haifiki palipo na ustadi wenyewe. Istilahi ikishakubaliwa huingia kwenye kamusi na kila mtu akaichota humo. "Na" ya kifungu hiki haikupi jibu la "na" ya kifungu kinachofuata.

Chukua katiba ya chama cha wakulima wa zabibu, iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza, yenye sharti kwamba "the secretary and treasurer shall sign" kila hati ya malipo. Je, huyo ni mtu mmoja mwenye vyeo viwili, au ni watu wawili? Kiingereza kinaweza kuficha jibu, kwa sababu "shall" haibadiliki mtenda akiwa mmoja wala wakiwa kumi. Kiswahili hakina maficho hayo. Mfasiri ataandika "katibu na mweka hazina atasaini" au "watasaini", na herufi moja mbili za mwanzo wa kitenzi zinaamua kama hundi inahitaji mkono mmoja au miwili. Hawezi kuendelea kabla hajaifungua katiba nzima, akatafuta panapoeleza uchaguzi wa viongozi na kuhesabu nafasi zilizopo. Hapo mfasiri ameacha kufasiri maneno, anachunguza chama.

Historia ya nchi ina mfano wake wa majina mawili yaliyofungwa na "na". Tarehe 26 Aprili 1964 ilizaliwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina hilo lilidumu miezi michache tu. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo likawa Tanzania, na kiunganishi kikamezwa ndani ya nomino. Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Tanzania ilijiunga na mashirika ya dunia. Kutoka ZI hadi I, sarufi iliandika Muungano kwa namna yake.

Mara nyingine Kiswahili humpa mfasiri zana ambayo Kiingereza hakina. Tuseme kifungu kinataja "farms and houses registered under this Act". Msomaji wa Kiingereza hajui kama zilizosajiliwa ni nyumba peke yake, au na mashamba pia, na mawakili wanaweza kubishana juu ya hilo hadi jioni. Kwa Kiswahili, "mashamba na nyumba zilizosajiliwa" huelekeza kidole kwenye nyumba, na "mashamba na nyumba vilivyosajiliwa" hukusanya vyote. Silabi zimefanya kazi ambayo Kiingereza kingeitafutia kifungu kidogo kizima.

Zana hiyo inadai mkono mtulivu. Katika mazungumzo watu wengi hupatanisha kitenzi na nomino iliyo karibu nacho, hata wanapokusudia zote mbili. Mwanaisimu Lutz Marten wa SOAS, London, alichapisha mwaka 2000 makala kuhusu upatanisho wa nomino zilizounganishwa katika Kiswahili, na akaonyesha kuwa wasemaji wana zaidi ya njia moja iliyo sahihi. Kwa hiyo tofauti ya ZI na VI humsaidia hakimu pale tu sheria nzima, kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, inaposhika njia moja. Mwandishi akiteleza mara moja, wakili wa upande wa pili atalishika kosa hilo na kulishikilia.

Mtego mwingine ni huu. Mtu anayetaka kuonyesha kuwa ni nyumba tu zilizosajiliwa anaweza kufikiri atapona kwa kuzitanguliza: "nyumba zilizosajiliwa na mashamba". Sasa mashamba yamekuwa msajili! "Na" ile inayounganisha majina ndiyo inayomtaja mtenda baada ya kitenzi cha kutendwa, na msomaji hushika maana inayomjia kwanza. Mwandishi mzoefu hulijua shimo hilo kabla hajalifikia. Atageuza mpangilio, au atarudisha kitenzi kwenye hali ya kutenda, au atavunja orodha kuwa aya (a) na aya (b), kila kitu na sifa yake. Kwa watu hana njia nyingine, kwa sababu wote ni WA. "Wadhamini na wasimamizi wa mirathi walioteuliwa na mahakama" haimwambii yeyote kama wadhamini nao waliteuliwa na mahakama. Hapo ngeli imenyamaza, na herufi za orodha ndizo zitakazosema.

Kwa upande wa viwakilishi deni hubadilika. Waingereza walihangaika na jinsia hadi Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1850 iliyosema maneno ya kiume yachukuliwe kuwa yanahusu na wanawake. Siku hizi wengi huandika "he or she", na sentensi ikirefuka hujaa "his or her" hadi inachosha. Kiswahili kina "a-" tu, na mwanamke na mwanamume wameingia humo bila sheria ya kuwaingiza. Lakini andika "mume akimkabidhi mke hati ya kiwanja chake", kisha uliza kiwanja ni cha nani. Kiingereza kingelimaliza hilo kwa "his" au "her". Mwandishi wa Kiswahili hana budi kurudia nomino: hati ya kiwanja cha mume. Mwalimu wa insha angeyazungushia marudio hayo kalamu nyekundu. Katika sheria marudio hayo ni adabu kwa mtu ambaye siku moja atapoteza au atapata kiwanja kwa sababu ya neno moja, naye anastahili kulielewa bila kumlipa mtu amsomee.

Wakongwe wa ustadi huu, hata hivyo, hawako bungeni. Ni mahakimu. Mahakama za Mwanzo zimeendesha kesi kwa Kiswahili miaka yote, lakini katika mahakama za juu yake shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, papo hapo, bila kamusi mezani wala nafasi ya kufuta. Shahidi akisema "mimi na mke wangu", hakimu aligeuza mpangilio, kwa sababu Kiingereza hupenda msemaji ajitaje mwisho, na hakuna kilichoharibika. Akisema "alituona mimi na yeye", hakimu alichagua "her and me", kwa kuwa katika Kiingereza kiwakilishi chenyewe hubadilika umbo kinapotendwa, ilhali katika Kiswahili "mimi" hubaki "mimi" na mzigo huchukuliwa na "-tu-" ndani ya kitenzi.

Ugumu ulikuja kwenye sentensi nyepesi kuliko zote. Shahidi kutoka Chamwino anasema, "Tulikwenda na mdogo wangu mnadani Msalato." Kwa Kiswahili hao wanaweza kuwa wawili tu: "tu-" imekwisha kumhesabu mdogo mtu, na "na" inamtaja ni nani. Wanaweza pia kuwa watatu au zaidi. Kiingereza cha darasani hakikubali maana ya kwanza; "we went with my brother" ni kundi, halafu ndugu juu yake. Ndiyo maana Kiingereza cha Afrika Mashariki, ambacho hubeba sentensi hiyo kama ilivyo, huwachanganya wageni. Katika kesi ya wizi wa ng'ombe, tofauti ya watu wawili na watatu ni tofauti ya mtuhumiwa mmoja mzima.

Sasa maneno ya shahidi yanaweza kuingia kwenye jalada kwa lugha aliyoyasema, na hilo ni jambo kubwa. Lakini yakiingia hivyo, utata wake nao unaingia, na hakimu wa rufaa atakayeyasoma miaka mitatu baadaye hatakuwa na shahidi mbele yake. Hakimu anayejua kazi yake husimamisha kalamu pale pale na kuuliza, "Mlikuwa wangapi?" Kisha huandika swali na jibu, yote mawili.