Msalaba, Mnyonya Damu na Kipaza Sauti

Filamu za wanyonya damu zina zaidi ya miaka mia moja, na karibu zote zinagusa mambo ya kanisa: msalaba, maji ya baraka, kaburi, sala, uzima usio na mwisho. Ndiyo maana wazazi wengi wa sharika huuliza kama vijana wao wazitazame. Swali ni la haki. Lakini tusilijibu kabla ya kujua filamu zenyewe zinasema nini.

Katika Dracula ya mwaka 1931, Bela Lugosi anageuza uso mbele ya msalaba. Katika ile ya Uingereza ya mwaka 1958, Peter Cushing anakutanisha vinara viwili vya mishumaa vikawa msalaba, na Christopher Lee anarudi nyuma hadi kwenye mwanga wa jua. Tukio linasisimua, ila mafundisho yake ni dhaifu. Msalaba hapo ni hirizi tu: hakuna anayeulizwa anamwamini nani. Fright Night ya mwaka 1985 iliugusa udhaifu huo. Mtu anainua msalaba bila imani, na mnyonya damu anauponda.

Baadaye filamu nyingine ziliacha kuutegemea msalaba. Katika Interview with the Vampire (1994), mnyonya damu anasema yeye hupenda kuitazama misalaba. Katika Twilight (2008) ni kijana mtanashati, na jua halimchomi bali linamng'arisha. Katika Sinners (2025) anaitamka Sala ya Bwana pamoja na kijana anayemwinda. Hilo lisimshangaze Mkristo. Hata Ibilisi kule jangwani alikuja na Maandiko mdomoni.

Pamoja na tofauti hizo, filamu nyingi za aina hii zina kasoro moja ya pamoja: zinamhakikishia mtazamaji. Sisi tumeyaona meno. Anayepiga kelele kwamba fulani ni mnyonya damu huwa amesema kweli, na anayesema tungoje tuchunguze mara nyingi huwa wa kwanza kufa. Ukizitazama kwa wingi unazoea kuona kwamba kuchunguza ni upumbavu na kushuku ni hekima.

Katika nchi yetu mazoea hayo ni ya hatari, kwa sababu hadithi hii tulikuwa nayo bila sinema. Tangu zama za ukoloni watu wa Afrika Mashariki wamesimuliana habari za mumiani. Walionyoshewa kidole hawakuwa na majoho meusi. Walikuwa wazima moto, waganga wa hospitali, watu wenye magari, watu wenye vifaa visivyoeleweka.

Oktoba 2016, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuwa wamekwenda kwa kazi ya utafiti wa udongo. Kelele zilipigwa kwamba ni wanyonya damu. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba tangazo lilitoka kwenye kipaza sauti cha kanisa. Tutulie hapo kidogo. Chombo kilichonunuliwa kwa sadaka, kinachoita watu kwenye ibada, kiliita watu wenye mapanga.

Filamu inayonifundisha zaidi juu ya jambo hili ni kongwe kuliko zote nilizotaja: Nosferatu ya F. W. Murnau, ya mwaka 1922. Tauni imeingia mjini na watu wanakufa. Wenye hofu wanamfukuza mtu aitwaye Knock, mtumishi wa mnyonya damu, wakimrushia mawe barabarani. Wanafika shambani, wanaona umbo, wanalirukia na kulirarua. Kumbe ni sanamu ya kutishia ndege. Wakati huo mnyonya damu mwenyewe hawajamgusa. Filamu za baadaye zilichukua meno na kaburi, zikaliacha shamba lile. Kwangu mimi hapo ndipo penye ukweli wa hadithi nzima.

Tena Wakristo tuna sababu ya pekee ya kujihadhari. Katika karne za mwanzo ni sisi tulioshtakiwa kwamba tunakula watoto na kunywa damu, na Tertuliano alilazimika kuandika kututetea. Walitusikia tukisema juu ya Mwili na Damu, wakamalizia wenyewe. Nabothi naye alipigwa mawe kwa maneno ya watu wawili tu. Amri ya nane haimlindi jirani tunayemfahamu peke yake.

Hapa Kiboriloni sokoni wageni huingia kutafuta bidhaa, wengine wakielekea Himo na kwingineko. Hatuwajui majina. Kwa hiyo kwa mzazi anayeuliza, jibu langu ni hili: kijana mkubwa akitaka kuitazama, keti naye. Filamu ikiisha usimwulize kama ameogopa. Mwulize: yule mtu wa kwanza kushukiwa, alishukiwa kwa ushahidi gani? Na sisi wazee wa kanisa tukubaliane leo nani hushika kipaza sauti chetu, na kwamba mtu akija mbio na habari za mumiani, kwanza tunampigia simu mwenyekiti wa mtaa na polisi, na kipaza sauti kinabaki kimezimwa.