Mkono Mmoja Mgongoni

Ukitaka kujua mtu kalelewa wapi, usimuulize. Mpe ufagio, mwoneshe uwanja, kisha kaa pembeni unyamaze. Wa pwani ataulizia chelewa. Aliyekulia kwenye nyumba ya saruji ataomba ndoo na tambara la kupigia deki. Aliyekulia Ipole atatazama kwanza chini, atatazama upepo unatoka wapi, ndipo atakapoinama.

Ipole iko kusini mwa Sikonge, mkoani Tabora, pale barabara inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Mpanda, mwingine unashuka Rungwa kuelekea Mbeya. Kijiji kimeegemea msitu wa miombo. Ukimaliza nyumba za mwisho unakutana na mininga, miyombo na mizinga ya nyuki. Nililala huko siku nne kwa mama mmoja wa makamo ambaye kila mtoto wa mtaa ule alimwita mayu, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Asubuhi ya kwanza sauti ya ufagio wake iliniamsha. Asubuhi ya pili niliamka kabla yake, nikatoka na kigoda.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mgeni umekosa usingizi?"

Nikamwambia nataka kumtazama akifagia. Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaingia ndani kuchukua ufagio, nikagundua kwamba hakuchukua uliokuwa karibu na mlango.

Fagio zake ni tatu. Wa kwanza ni wa nyasi laini, ni wa ndani, na hauvuki kizingiti. Wa pili ni wa njiti ngumu za vichaka vya porini, ndio wa uwanja. Wa tatu uliwahi kuwa wa pili. Umelika ukabaki shubiri moja, sasa ni wa chooni na wa kukwangulia banda la kuku. Katika nyumba hii ufagio ukizeeka hautupwi, unashushwa cheo. Na ole wake mtoto atakayeuingiza ndani ufagio wa chooni kwa kuwa tu ulikuwa karibu.

Anazifunga mwenyewe. Njiti huzikata mvua zikiisha, zikiwa zimekomaa ila hazijakauka, akazianika kivulini, maana zikianikwa juani hukatika-katika ndani ya wiki. Zikishakauka huzigonga chini zilingane vichwa, kisha huzifunga kwa kamba ya gome la myombo, mti ule ule ambao gome lake warina asali hutengenezea mizinga. Kamba hufungwa ikiwa mbichi, nayo ikikauka inajikaza yenyewe. Ufagio hauna mpini. Unene wake ni wa kujaa kiganja. Kabla ya kuanza kazi anautikisa karibu na sikio. Njiti zikicheza, anaingiza kijiti kimoja chini ya kamba kuikaza, ndipo anaendelea.

Hata hivyo hakuanza kufagia. Alisimama mlangoni akatazama uwanja, na nilipotaka kusogeza kigoda changu akainua mkono nitulie. Uwanja uliofagiwa jana ni mchanga laini, na kila apitaye usiku huacha alama. Akanionesha kwa ncha ya ufagio: hapa amepita kuku wa jirani, hapa paka, hapa mtu wa humu humu ndani, kandambili iliyolika kisigino, kaenda chooni na kurudi. Na pale, kando ya rundo la kuni, mstari mmoja uliopinda-pinda, mpana kama kidole gumba, ukiingia bila kutoka. Akamwita kijana wake aje na fimbo ndefu, kuni zikahamishwa moja moja. Nyoka alikuwamo.

Baada ya hapo sikuhitaji kuambiwa kwa nini watu wa Ipole hawapendi majani mlangoni. Mtu wa mjini anafagia aondoe uchafu. Mayu anafagia ili kesho asubuhi ajue nani kaja.

Kisha maji. Mvua za Tabora hukatika kuanzia Mei, na kwa kawaida hazirudi mpaka Novemba, kwa hiyo maji ya kisima hayamwagwi ovyo. Anatumia yaliyosuuzia vyombo vya jana. Anayachota kwa kiganja na kuyarusha kwa vidole vilivyoachana kidogo, kama mtu anayelisha kuku. Yakizidi, ufagio unabeba tope. Yakipungua, vumbi linaingia kwenye chungu. Kipimo chake ni rangi: mchanga ubadilike, usilowe. Anasubiri kidogo unywe. Muda huo alikuwa akichochea moto wa uji.

Ndipo akainama. Magoti hayakukunjika sana; alijikunja kiunoni, mkono wa kushoto ukalala mgongoni, wa kulia ukaanza kutembea. Hapo ndipo ufundi ulipo. Wengi wetu hufagia tukienda mbele, tunasukuma taka na kukanyaga tulikosafisha. Yeye anarudi kinyumenyume. Ufagio unachora nusu duara kutoka kulia kwenda kushoto, unavuta kidogo kuelekea miguuni, naye anapiga hatua fupi nyuma. Nusu duara inayofuata inafuta ukingo wa iliyotangulia pamoja na nyayo zake mwenyewe. Hakandamizi. Ncha za njiti tu ndizo zinazogusa, kiasi cha kuchukua jani na kuacha mchanga. Alipofika mwembeni, uwanja mzima ulikuwa magamba ya samaki, safu juu ya safu, bila alama hata moja ya mguu.

Taka zilikusanyika kwenye marundo manne. Akazizoa kwa ungo uliotoboka, akazichambua kwa jicho: majani ya mwembe na majivu yakaenda kwenye shina la mpapai, mifuko ya plastiki na kioo kilichovunjika vikaenda shimoni. Jua lilikuwa bado halijachomoza.

Uwanja mweupe namna hii una historia yake. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika huko Novemba 1857, na mwaka 1871 mwenzao Stanley, akikwepa vita vya mtemi Mirambo, alipita huku kusini, kupitia Ugunda, ili afike Ujiji. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, waliopeleka pembe za ndovu Bagamoyo na kurudi na vitambaa na shanga. Njia hiyo ilileta pia maradhi. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alitoa kitabu mwaka 1876 akionesha jinsi kipindupindu kilivyosafiri pamoja na misafara. Baadaye ukaja ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika kutoka porini, ikawakusanya kwenye makazi yaliyofyekwa ili mbung'o wakose kivuli cha kujificha. Amri ilitoka ofisini, lakini jambo lenyewe wakazi wa miombo walilijua: pori likisogea mlangoni, linakuja na vyake.

Na baada ya uhuru, mwaka 1973, redio ikaleta kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza na kusoma, wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Ilikuwa kazi kubwa na ya kuheshimika. Ila kampeni humwambia mtu afanye nini. Namna ya kukunja kiwiko anaipata kwa mzazi wake.

Niliona jinsi anavyoipata. Mayu ana mjukuu wa kike, miaka kama tisa, aliyepewa kipande cha uwanja kati ya jiko na kichanja cha vyombo. Alikifagia kwa mbio ili awahi shule, akasimama. Bibi yake hakumgombeza wala hakumwambia rudia. Alisema neno moja tu: "Umemaliza?" Mtoto akatazama alikofagia. Akaona maganda mawili ya karanga chini ya kichanja, na nyayo zake mwenyewe zikikatiza katikati. Akainama tena bila kuambiwa. Asubuhi ya tatu swali lilikuwa lile lile. Asubuhi ya nne mtoto aligeuka akatazama mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Nadhani malezi ya usafi ni hayo, wala si zaidi. Mkono hujifunza upesi; kinacholelewa kwa miaka ni jicho. Ndiyo maana watu wawili wema wanaweza kuoana na kugombana juu ya sinki: mmoja anaona vyombo vichafu, mwenzake haoni kitu. Si kwamba anadharau. Kwao hapakutazamwa hapo.

Mimi mwenyewe nina jicho la sakafu. Nililelewa Tabora mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, reli iliyofika mji huo mwaka 1912. Sakafu zetu zilikuwa za saruji nyekundu. Mama yangu hakujaliwa binti, basi Jumamosi tulisugua sisi wavulana, tukapaka nta, kisha tukasimama juu ya vipande vya blanketi na kuburuza miguu kama wacheza dansi mpaka taa ionekane chini. Nje yetu ilikuwa imejaa majani ya miembe na hakuna aliyeyaona. Nilipoingia kwa Mayu siku ya kwanza macho yalikwenda chini moja kwa moja, nikaona udongo, nikajisemea moyoni neno ambalo leo nalionea haya.

Ile sakafu ya udongo inasiribwa. Alinionesha siku ya tatu, kwenye chumba cha kijana wake. Udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa unachanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe na maji, unakandwa mpaka hauna mabonge. Sakafu ya zamani inafagiwa na kulowanishwa kwanza, la sivyo ngozi mpya itabanduka. Halafu anapiga magoti kwenye kona ya mbali na mlango, anamimina, na kutandaza kwa kiganja akirudi nyuma. Nusu duara, hatua, nusu duara. Ni mwendo ule ule wa uwanjani, sasa bila ufagio. Ikikauka inakuwa ngumu, haina vumbi, na harufu huisha. Ukipiga jicho sambamba na dirisha unaona vidole vyake vitano vikizunguka chumba kizima kama mistari ya santuri.

Nisiusifu ufundi huu nikaficha gharama zake. Mgongo wa Mayu hauamki tena wima. Kila akimaliza hukaa kwanza kwenye baraza akijinyoosha kidogo kidogo. Uwanja nao unaliwa: ukuta wa upande wa jiko umebaki na msingi nje kiasi cha vidole vinne, mchanga ukiwa umechukuliwa na ufagio pamoja na mvua mwaka baada ya mwaka, naye hulazimika kurudishia udongo kwa karai. Na kuna kijana wake yule wa fimbo. Ana miaka kumi na saba, anajua kurina asali usiku bila kuumwa sana na nyuki, lakini sikuwahi kumwona ameshika ufagio. Nilipouliza, Mayu alinijibu, "Ataoa." Nikamuuliza, "Na mkewe akiugua?" Akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele.

Siku ya kuondoka niliomba nifagie mimi. Nilinyunyiza maji mengi mno, ufagio ukabeba tope. Nilikwenda kinyumenyume nikajikwaa kwenye figa. Nilipofika mwembeni nilikuwa nimeloa jasho na uwanja ulikuwa na mistari kama ya jembe la ng'ombe. Mayu alikuja akasimama karibu nami, akatazama, akauliza, "Umemaliza?" Kijana wake, aliyekuwa ameegemea mlango akinicheka, alichukua ule ufagio mkononi mwangu na kuanza kufuta nyayo zangu. Hakuwahi kufundishwa, ila alikuwa ameona kila siku ya maisha yake. Mkono wake wa kushoto ulikwenda mgongoni wenyewe.

Basi wewe usomaye haya, kama una mtoto wa kiume nyumbani, usimhubirie usafi. Kesho alfajiri mwamshe, mpe kona yake moja ya uwanja, nawe inama karibu yake ufagie ya kwako. Akimaliza muulize lile swali moja, kisha mwache atazame mwenyewe.