Mfereji na Maji: Malezi katika Rosa Mistika

Tangu riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilipotolewa mwaka 1971, wengi wameisoma kwa methali moja: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Zakaria, baba mkali na mlevi wa Ukerewe, alimpiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana. Binti alipokuwa masomoni, mbali na jicho la baba, akapotea. Hukumu hutolewa, kitabu kikafungwa. Hukumu hiyo si ya uongo, ila ni fupi mno.

Yafaa kwanza tuulize mazingira humfanya nini mtu. Mfano upo Chekereni, katika tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi. Mradi wa umwagiliaji uliojengwa huko kwa msaada wa Japani, ukakamilika mwaka 1987, ulileta mavuno makubwa ya mpunga. Faida ilipoonekana, wakulima wa upande wa juu, nje ya mradi, nao wakapanda mpunga, na maji yakawapungukia walio chini. Je, wa juu walizaliwa wachoyo, na wa chini wakazaliwa waadilifu? La. Wabadilishane mashamba leo, na kesho watabadilishana hoja. Hata hivyo mfereji hauyaumbi maji. Huyapa njia tu. Na penye mlango wa maji husimama mtu, mwenye mkono wa kufungua na wa kufunga.

Tukimrudia Rosa kwa mizani hii, twaona kosa la Zakaria lilivyo hasa. Si kwamba alimfanya bintiye mbaya. Alimnyima zoezi la kuchagua. Rosa hakufunzwa kukataa, alifunzwa kuogopa, na hofu hukoma pale sauti ya mwenye kuogopwa isipofika. Deogratias, Bwana Maendeleo, alipomjia, silaha yake pekee ilikuwa imebaki nyumbani.

Lakini wanaomlaumu Zakaria peke yake humsahau Charles. Huyu ana elimu, na kiboko hana. Naye humkataa Rosa kwa kuwa si bikira, na Rosa hujiua. Sharti alilomwekea mchumba, jamii haikumwekea yeye. Basi mfereji uliompeleka Rosa mautini haukuchimbwa na mzee mmoja. Kijiji kizima kilishika jembe, na wenye vyeti pia.

Hapa pana hatari kwa mhakiki. Tukimsamehe Rosa kwa sababu ya malezi yake, haki yatudai tumsamehe Zakaria kwa sababu ya malezi yake, na Charles kwa sababu ya desturi zake, hata asisalie wa kuulizwa. Mtungaji mwenyewe amechangia hatari hiyo: humkimbiza Rosa toka woga hadi uasi kwa haraka, wala hatumsikii vya kutosha akipima jambo moyoni. Tunauona mfereji vema kuliko tunavyouona mkono penye mlango.

Walakini hiyo si sababu ya kukiweka kando kitabu. Mwanafunzi akisome akitafuta mambo mawili pamoja: nani alichimba njia, na nani, katika saa ile, angeweza kuyageuza maji. Akiuliza la kwanza tu, atawahurumia wote bila kumwajibisha yeyote. Akiuliza la pili tu, atamhukumu msichana na kuwaachilia waliomlea.