Upande wa Kugeukia

Watazamaji wengi wa kuogelea hugombea viti vya upande wa kumalizia. Ni viti vizuri, sikatai. Hapo ndipo mshindi hugusa, akavua miwani, akautafuta ubao wa muda kwa macho na kuyapiga maji kwa ngumi. Hapo ndipo kamera zilipo. Lakini mtu akiniuliza mahali pa kukaa kama ana nia ya kuona kazi yenyewe, nitamwambia avuke bwawa zima, akae upande wa kugeukia.

Nasema hivyo nikikumbuka Doha, Februari 2024. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano ya dunia ya michezo ya majini kufanyika katika nchi ya Ghuba, na kuogelea kwenyewe kulichukua siku nane, tarehe 11 hadi 18, ndani ya Aspire Dome. Mpenzi wa riadha wa Kenya huenda akalikumbuka jina hilo: ni ukumbi uleule ambamo Vivian Cheruiyot alipata medali ya fedha ya mita 3,000 katika mashindano ya dunia ya ndani mwaka 2010. Safari hii walijenga mabwawa ya muda humo, maji yakakaa mahali pa wakimbiaji.

Kulikuwa na malalamiko kwamba mashindano yamepoa. Michezo ya Olimpiki ya Paris ilikuwa imebakiza miezi mitano tu, na vigogo kadhaa, Léon Marchand na Katie Ledecky wakiwamo, walibaki makwao wakifanya mazoezi. Kwa aliyelipa nauli ili aone majina, ilikuwa hasara. Mimi sikuona hasara yoyote. Jina kubwa linapokuwa majini, macho yote hufuata kofia moja, na njia saba zilizobaki huogelewa bure. Lisipokuwapo, unabaki na bwawa zima la kutazama.

Basi tazama mtindo huru unavyogeuzwa. Mwogeleaji anaujia ukuta kwa mwendo wake wote na hapunguzi. Chini yake, mstari mweusi wa sakafuni unakoma mita 2 kabla ya ukuta, umekatwa na mstari mwingine mfupi, na hiyo ndiyo alama yake pekee ya kujua kwamba nafasi imekwisha. Mkono wa mwisho unavuta maji, kidevu kinaingia kifuani, kiuno kinakunjika, nyayo zinaruka juu ya maji na kutua ukutani. Mikono haigusi kitu. Kwa mtindo huru, sheria inaridhika na sehemu yoyote ya mwili, na miguu imeshagusa. Akiwa amekaribia mno, magoti yanabanwa na msukumo unakufa. Akiwa mbali mno, vidole vya miguu ndivyo vinavyopapasa ukuta, na hapo hana cha kusukuma. Akiwa mahali panapostahili, mapaja yanafunguka, mikono inanyooka mbele ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, masikio yamebanwa katikati, naye anaondoka kwa kasi ambayo mikono yake haitaweza kumpa tena mpaka ukuta unaofuata.

Kisha anapotea.

Sehemu hii ndiyo inayoonekana vizuri zaidi ukiwa umekaa juu, upande huo. Televisheni ina kamera zake za chini ya maji, kweli, lakini inakuonyesha mmoja au wawili. Kutoka kitini unawaona wanane kwa pamoja, vivuli virefu vilivyolala chini ya uso wa maji, na mara unagundua kwamba mpangilio wa mbio si ule uliouona kabla ya ukuta. Aliyekuwa wa tatu anaibuka wa kwanza, na hakuna aliyemwona akimpita mtu. Fundi cherehani hupimwa kwa kugeuza nguo ndani nje na kutazama mishono, na bwawa nalo lina mishono yake, nayo ni huku.

Sababu haina uchawi. Mwili unaokwenda juu ya maji unatumia nguvu nyingi kutengeneza mawimbi: lile linaloinuka mbele ya kichwa na yale yanayobaki nyuma. Ukishuka kiasi cha kutosha, wimbi hilo halitengenezwi, na ile kasi ya ukutani inadumu. Anayejua kuilinda hupiga teke la pomboo, miguu miwili pamoja, mkunjo ukianzia kifuani na kuishia kwenye ncha za vidole. Kasi ya kusukuma ukuta hupungua haraka, kwa hiyo swali ni lini aibuke. Akiibuka mapema anaitupa zawadi aliyopewa. Akichelewa, mwili umeshapoa mwendo na itambidi auanzishe upya kwa mikono. Wakati huohuo mapafu yanadai hewa, hasa katika ukuta wa tatu wa mita 200, na ni hapo utakapowaona hata mabingwa wakiibuka kabla ya wakati, wamekubali kupoteza.

Kando yangu alikuwa jamaa wa Mombasa anayefanya kazi hotelini Doha. Alikuja kwa sababu ilikuwa siku yake ya mapumziko. Katika mbio za kwanza alishtuka: "Mbona hawa hawatoki?" Nilipomweleza, akacheka. "Basi haya si mageni, ndugu yangu. Sie utotoni kule Mtongwe hatukushindana kukimbia majini. Tulishindana kuzama, nani aibukie mbali. Ukiibukia karibu, wachekwa." Tangu hapo akawa hatazami tena mikono ya mtu. Akawa ananyoosha kidole pale kichwa kilipochomoza, ananiambia nani kachekwa.

Wale watoto wa Mtongwe wangewapa kazi waandishi wa sheria. Katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, Masaru Furukawa wa Japani alishinda mita 200 za mtindo wa chura akiwa amezama kwa sehemu kubwa ya safari, na sheria ikabadilishwa ili vichwa virudi juu. Mwaka 1988 mjini Seoul, David Berkoff wa Marekani aliogelea chali kwa kwenda kama mita 35 za mwanzo chini ya maji, akavunja rekodi ya dunia ya mita 100 katika mchujo kwa sekunde 54.51. Kwenye fainali Daichi Suzuki wa Japani, naye mzamiaji, akamshinda kwa 55.05. Baada ya hapo mipaka ikawekwa, kwanza mita 10, kisha 15, na kufikia 1998 mita 15 zikawabana pia wa kipepeo na wa mtindo huru. Ndiyo maana kamba za njia zina alama ya rangi tofauti mita 15 kutoka kila ukuta: kichwa kikipita hapo bila kuonekana, mwogeleaji ameondolewa.

Wapo wanaosikitika kwamba sheria ilimuua mvumbuzi. Mimi sikubaliani nao. Kama pasingekuwa na mpaka, ingekuwa mbio za mapafu, na sisi tulioko juu tungekodolea macho maji matupu. Mita 15 ziliuacha uvumbuzi wa Berkoff uishi na zikaulazimisha uwe na kipimo.

Kuogelea chali kuna adha yake ya pekee, maana mwogeleaji anauendea ukuta asioutazama. Juu yake, mita 5 kabla ya mwisho, zimetundikwa bendera ndogondogo. Akiziona zimepita juu ya macho, anahesabu mikono: kila mmoja anaijua idadi yake, aliipata kwa kurudia mpaka ikawa haifikiriwi tena. Mkono wa mwisho anajibiringisha kifudifudi, anapinduka, anasukuma. Claire Curzan wa Marekani alichukua dhahabu zote tatu za chali Doha, mita 50, 100 na 200, na katika mbili za mwisho ningeweza kumtazama kwenye bendera tu nisijali mengine. Hakuna kusita, hakuna kugeuza shingo kuchungulia. Anauamini ukuta kwamba upo.

Usiku wa kwanza ulikuwa na jambo kubwa zaidi, nalo lilipita nusu ya ukumbi haijalielewa. Katika mbio za kupokezana za 4 x 100, Pan Zhanle alianza kwa upande wa China na kugusa kwa sekunde 46.80. Rekodi ya dunia ilikuwa 46.86, ya David Popovici wa Romania tangu Agosti 2022. Katika kupokezana, ni muda wa anayeanza tu unaoweza kuwa rekodi, kwa sababu wanaofuata huruka wakiwa tayari wameshaanza kuyumba kuelekea mbele. Miguu yao ndiyo inayotakiwa isibanduke mpaka mwenzao aguse. Kwa hiyo rekodi ilikuwa imevunjwa na mbio bado zina mita 300 mbele. Watu wanashangilia mwogeleaji wa pili, kumbe historia iko pembeni ya bwawa, inatweta.

Asubuhi ndipo mahali pa kujifunzia. Viti vimelegea, waamuzi wanapiga miayo kwa siri, na makundi ya mchujo huanza na wenye muda wa polepole zaidi, ambao wengi ni wa mataifa madogo waliopewa nafasi ili dunia iwe dunia. Hapo huwaona pia wenzetu wa Afrika. Mara nyingi wanaandikishwa mita 50, na sababu inaeleweka: ni umbali ambao kijana mwenye nguvu na mazoezi ya bwawa la hoteli au la shule anaweza kuumaliza bila kuaibika. Lakini ona tunavyojidhulumu. Bwawa la mita 25, ambalo ndilo tulilo nalo kwa wingi, linamgeuza mwogeleaji mara mbili zaidi kuliko lile la mita 50. Ni shule ya ukuta. Kisha tunamchukua mwanafunzi wa shule hiyo na kumpeleka kwenye mtihani pekee ambao ukuta haumo.

Aliyetuonyesha njia nyingine ni Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi. Mjini Beijing mwaka 2008 aliogelea mchujo wa mita 100 za kipepeo kwa sekunde 51.14, na kwa dakika chache rekodi ya Olimpiki ikawa ya Mkenya, mpaka Milorad Čavić wa Serbia alipoishusha hadi 50.76. Dunford alimaliza wa tano katika fainali, na miaka miwili baadaye akaleta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Delhi. Muda ule wa 51.14 una bahati ya ajabu. Mwaka 2016 mjini Rio, nyuma ya Joseph Schooling wa Singapore, watu watatu waligusa kwa 51.14 hiyohiyo: Michael Phelps, Chad le Clos na László Cseh. Wote wakavishwa fedha.

Wengine huona hilo ni kushindwa kwa saa. La hasha. Saa inaweza kugawa zaidi, na iliwahi kufanya hivyo: mwaka 1972 mjini Munich, Gunnar Larsson wa Uswidi alipewa dhahabu ya mita 400 mchanganyiko mbele ya Tim McKee wa Marekani kwa sehemu 2 za elfu moja za sekunde. Kwa mwendo wao, hizo ni kama milimita 3. Bwawa hujengwa na watu, na sheria inaruhusu njia kuzidi mita 50 kwa kiasi kidogo. Huwezi kumnyima mtu dhahabu kwa sababu fundi wa vigae alikuwa mkarimu upande wake. Wasimamizi wa mchezo wakarudi kwenye sehemu za mia za sekunde na wakakubali sare. Sijui michezo mingi iliyokiri waziwazi mahali ambapo kipimo chake kinakoma.

Nilibaki mpaka usiku wa mwisho kwa ajili ya mita 1,500 za wanaume, mbio ambazo wengi huzitumia kwenda kununua maji. Zina kugeuka mara 29. Daniel Wiffen alikuwa ameshaipatia Ireland dhahabu yake ya kwanza ya dunia ya kuogelea katika mita 800, na sasa akaongeza ya pili kwa dakika 14:34.07, zaidi ya sekunde 10 mbele ya Florian Wellbrock wa Ujerumani. Ukiigawa tofauti hiyo kwa kuta zote, unapata kama theluthi ya sekunde kwa kila mmoja. Sidai kwamba aliipata yote ukutani; mikono yake ilikuwa inafanya kazi ya kutosha. Ila kila alipofika upande wetu, wenzake walionekana wanageuka na yeye alionekana ameshaondoka.

Vita vilikuwa nyuma yake, kati ya Wellbrock na David Aubry wa Ufaransa, ambao baada ya kilomita moja na nusu walitenganishwa na chini ya nusu sekunde. Jamaa wa Mombasa akashikilia kwamba Aubry aliipoteza fedha katika ukuta wa mwisho, aliibukia karibu. Mimi naona aliipoteza mapema zaidi, katika kuta za katikati ambazo hakuna anayezihesabu. Tulibishana hadi kituo cha treni, na sidhani kama mmoja wetu alimshawishi mwenzake.